Nilimwanika wifi yangu kwenye grupu la ukoo

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 41, mzaliwa wa Pwani, na huu ni mwaka wa tisa niko Silver Spring, Maryland. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Kwa miaka minne sasa niko kwa bibi mmoja Myahudi wa miaka 88, mtu wa dini kwelikweli. Jikoni kwake kuna masinki mawili, moja la nyama na moja la maziwa, na sponji zake hazikutani. Ijumaa jua likikaribia kuzama namsogezea mishumaa, anaiwasha, anajifunika macho kwa viganja, na kuanzia hapo mpaka Jumamosi usiku hagusi swichi wala simu. Nakuandikia wewe kwa sababu huwa unaeleza Agano la Kale kwa jinsi Wayahudi wenyewe wanavyolisoma, na jambo langu limeangukia huko huko.

Nina boma Kibaha. Kuta zilisimama mwaka juzi, ikabaki kupaua. Kaka yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, leo Tunduma kesho Lubumbashi, kwa hiyo pesa zote nilikuwa namtumia mke wake, wifi yangu. Mwezi wa tatu nilituma shilingi 4,800,000 za mbao na bati za msauzi. Mwezi wa nne nikaomba picha, akaniambia fundi anaumwa. Mwezi wa tano, mvua imeharibu barabara. Mwezi wa sita jirani akanitumia picha bila kuombwa: boma lile lile, majani yameota mpaka usawa wa dirisha, hakuna hata ubao mmoja juu.

Mwalimu, sikumpigia. Nilitoka kazini usiku nimechoka, nikakaa kwenye gari, nikarekodi sauti ya dakika 4 na kuitupa kwenye grupu la ukoo. Tumo watu 43. Nilimwita mwizi. Nilisema amekuza biashara yake kwa jasho langu (yeye ni mama lishe pale Maili Moja). Nikasema na mengine ya kwao alikotoka ambayo siyarudii hapa. Watu wakaanza kuweka vikatuni vya kucheka. Shangazi mmoja akaandika, "Nilijua tu." Wifi aliisikiliza sauti yote, kisha akajitoa kwenye grupu bila neno.

Kesho yake Mama akanipigia analia. Mwezi ule wa tatu alizidiwa usiku, akafanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali ya binafsi, na hela ya bati ndiyo iliyolipa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwapisha wifi asiniambie, kwa kuwa makaratasi yangu ya huku bado hayajakaa sawa, na alijua nikisikia nitapanda ndege na kurudi tena itakuwa ndoto. Hela haikutosha. Wifi akaongeza 650,000 alizochukua kwenye kikoba chake. Miezi yote hiyo alikuwa amebeba siri ya mama yangu mimi.

Niliandika grupuni: "Ndugu zangu, kama kuna niliyemkwaza kwa maneno yangu naomba anisamehe, sisi sote ni binadamu." Nikamtumia wifi ujumbe wa pole, hajajibu. Nikampa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani doti mbili za vitenge ampelekee, zikarudi kwa Mama na mfuko wake haujafunguliwa. Watoto hawaleti tena Jumapili. Kaka anasema niachane naye, ana kiburi.

Ijumaa iliyopita bibi aliniona macho mekundu, nikamsimulia yote. Akanishika mkono, akaniambia Siku yao ya Upatanisho inakaribia, lakini hata kufunga siku nzima hakufuti kosa la mtu na mwenzake mpaka amwendee mwenyewe. Maneno hayo yamenikaa kooni. Mimi ni Mlutheri, nimefundishwa kwamba nikitubu nimesamehewa. Sasa nimesamehewa au bado? Nitamwomba wifi mara ngapi? Na grupuni niseme nini, wakati Mama hataki mtu ajue habari za upasuaji?

Wifi mkosaji, Maryland

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale ulipokaa kwenye gari. Simu ulikuwa nayo mkononi. Namba ya wifi yako ilikuwamo humo humo.

Nianze na bibi, maana hakutunga. Alichokuambia kimo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za mdomo za Wayahudi uliopangwa huko Galilaya kama mwaka 200 baada ya Kristo. Kitabu chake kinachohusu siku hiyo kinaelekea mwisho kwa kanuni hii: makosa kati ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho inayafunika, makosa kati ya mtu na mwenzake haiyafuniki mpaka amridhishe mwenzake. Na kabla hujasema hayo ni ya Wayahudi, fungua Mathayo 5:23. Mtu amefika na sadaka yake mpaka madhabahuni, anakumbuka ndugu yake ana neno juu yake. Yesu anamwambia aiache pale pale, aende akapatane naye kwanza. Alisema hayo akiwa Myahudi kati ya Wayahudi, hekalu bado limesimama. Kwa hiyo mchungaji wako na bibi yako hawagombani. Lililo la Mungu, Mungu amelisamehe. La wifi yako liko mikononi mwa wifi yako, na Mungu hamnyang'anyi mtu haki ya kusamehe lake.

Usianze lakini kufunga na bibi saa 25 bila hata tone la maji. Siku hiyo ni yao, na marabi hawamdai asiye Myahudi. Nalisema hili kwa sababu siku hizi naona watu huku wanapuliza pembe za kondoo na kujitanda shali za sala za Kiyahudi, kana kwamba toba inauzwa pamoja na vifaa vyake. Wewe chukua somo, vifaa waachie wenyewe.

Katika Torati yumo wifi mmoja ambaye ningependa umsome usiku wa leo. Hesabu 12. Miriamu, dada yake Musa, anamsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi. Wengi wetu tumezoea kuisoma sura hiyo kama ugomvi wa madaraka, na madaraka kweli yamo, ila mstari wa kwanza ni habari ya mke. Dada wa mume na mke wa kaka: nitajie ukoo wa Pwani usiokijua kisa hicho. Miriamu akapigwa ukoma, akatolewa nje ya kambi siku saba. Kumbukumbu la Torati 24:9 inaamuru watu wakumbuke alichofanyiwa njiani, na wako Wayahudi wanaousoma mstari huo kila siku baada ya sala ya asubuhi. Huyu ni nabii, mwanamke aliyewaongoza wenzake na matari kando ya bahari. Na msikilizaji wake, kwa tunavyosoma, alikuwa Haruni peke yake. Wewe ulikuwa nao 42.

Soma mpaka mstari wa 15 lakini, usiishie kwenye ukoma. Watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Marabi wanasema: utotoni alisimama kando ya mto akamngoja Musa ndani ya kisafina, basi na taifa zima likamngoja yeye jangwani. Nakuwekea hilo usije ukadhani nakuandikia hukumu ya kufukuzwa.

Sasa lile la kwenye gari. Walawi 19:16 inakataza mtu kwenda huku na huku akichongea. Neno la Kiebrania pale ni rakhil, na marabi walisikia ndani yake neno jingine, rokhel, yaani mchuuzi: anayebeba maneno ya huyu akayapeleka kwa yule. Machinga wa maneno. Mstari wa 17 unatoa njia ya kutokea: usimchukie ndugu yako moyoni, mkemee yeye mwenyewe. Kwa hiyo hasira uliruhusiwa. Uliruhusiwa hata kumpigia na kumuuliza kwa sauti ya juu, "Wifi, bati ziko wapi?" Angebabaika, angelia, labda angesema. Zile dakika 4 zingetosha.

Na tuseme asingesema. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya ile Mishna, ina kisa ambacho nilikuwa nawasimulia wanafunzi wangu wa Maarifa ya Biblia kila mwaka, na sijawahi kupata barua inayokifaa kama yako.

Mtu mmoja wa Galilaya ya Juu alifanya kazi kwa tajiri wa kusini miaka 3. Mkesha wa Siku ya Upatanisho akamwambia: nipe ujira wangu niende nikawalishe mke wangu na watoto. Tajiri akasema, sina pesa. Basi nipe mazao. Sina. Nipe shamba. Sina. Nipe mifugo. Sina. Nipe mito na matandiko. Sina. Kibarua akatupa furushi lake mgongoni akarudi kwao, moyo umemwinama.

Hebu tusimame hapo. Miaka 3. Shamba analiona kwa macho, amelilima yeye. Mifugo anaijua mmoja mmoja. Na mwenye mali anamtazama usoni na kumwambia hana hata mto wa kulalia. Angekuwa na simu yule, na grupu la vibarua!

Sikukuu ikapita. Tajiri akauchukua ule ujira, na punda watatu pamoja naye, mmoja na chakula, mmoja na vinywaji, mmoja na vitamutamu, akamfuata mpaka kwake Galilaya. Wakala, wakanywa, akamlipa. Kisha akamuuliza: niliposema sina pesa, ulinidhania nini? Kibarua akajibu: nilisema labda umepata bidhaa za bei ya chini, pesa ikaingia huko. Na mifugo? Labda umeikodisha. Na shamba? Labda umelipangisha. Na mazao? Labda hayajatolewa zaka. Na mito na matandiko? Labda mali yako yote umeiweka wakfu kwa Mungu. Tajiri akaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameweka nadhiri ya mali yake yote kwa ajili ya mwanawe Hyrcanus ambaye hakusoma Torati, na baadaye tu wenzake wakamfungulia nadhiri zake. "Na wewe, kama ulivyonihukumu kwa wema, Mungu naye akuhukumu kwa wema."

Kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi wa kusema kibarua yule ni mjinga. Nilikuwa namwambia azitazame hizo labda vizuri. Nne za kwanza ni za mtu anayeijua biashara: bidhaa, kukodisha, kupangisha, zaka. Ile ya tano ndiyo inayochekesha, na ya tano ndiyo iliyokuwa kweli. Tena tazama kilichomziba tajiri mdomo: mtoto. Kuna mambo ya nyumbani ambayo mtu haweki mezani hata akidaiwa. Wewe una mama mtu mzima, pesa imepotea mwezi mmoja, na aliyeishika ndiye anayekaa karibu na mama huyo. "Labda Mama anaumwa" haikuwa labda ya mbali kama ya kibarua. Ilikuwa mlangoni.

Usinielewe vibaya, yule kibarua alidai. Alidai mara tano, usoni kwa usoni. Ukirudi kwenye kupaua, omba risiti na picha kila wiki, hilo halina ubaya na litamlinda hata anayetumwa.

Tuje kwenye ujumbe wako wa msamaha. Niruhusu niusome kama nilivyokuwa nasahihisha daftari. "Kama kuna." Yupo, na jina lake unalijua. "Niliyemkwaza." Kumkwaza mtu ni kumkanyaga mguu kwenye daladala, wewe ulimwita mwizi ukataja na kwao. "Sisi sote ni binadamu." Hapo umewaita na wale 42 wakusaidie kubeba. Mwanangu, sikupi hata alama moja.

Maimonides, tabibu na mwanasheria aliyeandika huko Misri katika karne ya 12, anaweka namna ya kuungama: nimekosa, nimepotoka, nimeasi, nami nimefanya hivi na hivi. Penye "hivi na hivi" kila mtu anajaza la kwake kwa jina lake. Kisha anaongeza kwamba makosa ya mtu na mwenzake ni sifa kubwa kuyaungama hadharani. Yale ya siri kati yako na Mungu ndiyo yasiyotangazwa. Sisi tumezigeuza hizo mbili. Kanisani tunasimama kushuhudia dhambi zetu za zamani kwa madaha, ila wifi tunamwombea msamaha chumbani.

Mfano wa kuungama bila "kama" uko Mwanzo 38. Tamari, mkwe wa Yuda, ana mimba, na Yuda mwenyewe ameamuru atolewe achomwe moto. Mkononi Tamari anao muhuri wa Yuda, kamba yake na fimbo yake. Angeweza kuvinyanyua juu mbele ya watu wote. Akavituma tu, na maneno kwamba mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba hii, jina hakutaja. Kutokana na yeye marabi wakasema afadhali mtu ajitupe katika tanuru ya moto kuliko kumtia mwenzake aibu mbele ya watu. Kwao kumwaibisha mtu hadharani ni kama kumwaga damu, kwa sababu unaona wekundu unavyomtoka usoni na weupe unavyoingia. Yuda angeweza kunyamaza. Akasema maneno mawili ya Kiebrania, tzadka mimeni: ana haki kuliko mimi.

Sasa mfikirie wifi yako usiku ule, anaisikiliza sauti yako ya dakika 4. Risiti za hospitali anazo. Pengine zimo kwenye simu ile ile. Kuzipiga picha na kuzitupa grupuni ni sekunde 10, nawe ungebaki unatafuta pa kuficha uso. Akajitoa bila neno. Kaka yako anaita hicho kiburi. Mimi nasoma Mwanzo 38 na kuona muhuri, kamba na fimbo vikiwa mkononi mwa mtu aliyekataa kuvinyanyua. (Na huyo kaka, tukiwa hapo hapo, mama yake alipasuliwa na mke wake akauguza na kulipa. Angetafuta neno jingine.)

Hivi ndivyo ningesema grupuni. Ulichafua kwa sauti, safisha kwa sauti, na kwanza msomee Mama akubali kila neno:

"Mimi fulani, mwezi wa sita nilimwita wifi yangu mwizi hapa. Haikuwa kweli. Pesa niliyotuma ilitumika kwa jambo halali la familia, nalijua, nimeridhika nalo, na yeye aliongeza na ya kwake. Nilisema na maneno juu ya kwao. Hayo nayo nilikosa. Aliyeipeleka ile sauti yangu popote, naomba aipeleke na hii. Msinijibu."

Hakuna upasuaji humo, na hakuna uongo. Mwanzo 18, Sara anacheka moyoni kwamba yeye amechakaa na bwana wake ni mzee. Mungu anapomsimulia Abrahamu, lile la bwana kuzeeka haligusi. Marabi wakajifunza hapo kwamba kwa ajili ya amani neno huweza kuachwa. Ukoo hauna haki ya kulijua tumbo la mama yako ili wifi yako asafishwe. Neno lako linatosha, kwa kuwa neno lako ndilo lililomchafua. Na yule shangazi wa "nilijua tu" atauliza ni jambo gani hilo la familia. Mwache aulize.

Vitenge. Ninaelewa kwa nini vilirudi. Wifi yako anakudai 650,000, na anayekudai ukimpelekea zawadi kabla ya deni, umemfanya mwombaji. Maimonides anapanga hivi: mlipe unachomdai, na hata ukishalipa bado hujamaliza, lazima umridhishe. Mtumie 650,000 zake na ya kutolea juu, andika "deni la kikoba", usiongeze neno la msamaha kwenye muamala. Kile kikoba kina wanawake wenzake wanaomtazama kila juma anavyorejesha.

Umeuliza mara ngapi. Mara tatu. Hesabu hiyo Talmudi inaitoa kwa ndugu zake Yusufu, Mwanzo 50:17, baba yao ameshakufa nao wanamwogopa. Katika Kiebrania ombi lao lina neno la "tafadhali" mara tatu, na rabi mmoja akasema anayemwomba mwenzake msamaha asizidishe hapo. Ukitazama vizuri utaona kwanza walituma ujumbe, na ndipo wakaja wenyewe wakaanguka mbele yake. Wewe uko kwenye ujumbe. Akikataa, Maimonides anasema mletee watu watatu katika rafiki zake wamwombe, na tena, na tena. Naelewa hapo ni rafiki zake yeye, wanawake wa kikoba, jirani anayemwamini. Si wajomba zako wakaenda kumkalia kikao.

Kwa kosa la kawaida, mtu akiombwa hivyo akakataa, lawama inamgeukia yeye. Kosa lako lakini si la kawaida. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, karne ya 16, aliandika kwamba aliyezushiwa jina baya halazimiki kusamehe. Sababu wanayoitoa ni nyepesi na inauma: wapo waliosikia uzushi ambao hawatasikia kamwe kukanushwa kwake. Sauti ya dakika 4 iliyosikilizwa na watu 42 imeshafika Mbeya, imeshafika Muscat, na huko hujui nani anaicheka leo. Kwa hiyo mwombe ukijua kwamba humdai kitu. Anaweza kukusamehe akarudisha watoto kwa Mama Jumapili na bado asishike tena pesa yako hata shilingi moja. Huko nako ni kusamehewa.

La mwisho ni saa. Talmudi inasimulia kwamba Rav, mwalimu mkubwa wa Babeli, alikuwa na neno na mchinja nyama mmoja. Mchinja nyama hakuja kumtaka radhi, basi mkesha wa Siku ya Upatanisho Rav akasema nitamwendea mimi. Rav Huna, mwanafunzi wake, akakutana naye njiani, akasikia anakokwenda, akasema: Abba anakwenda kuua mtu (Abba ndilo jina alilopewa Rav na wazazi). Rav akamkuta mchinja nyama ameketi anapasua kichwa cha mnyama. Mchinja nyama akainua macho: "Ni wewe Abba? Nenda, sina neno nawe." Akaendelea kupasua, mfupa ukaruka, ukampiga kooni, akafa. Wengi wanasema aliadhibiwa kwa ukaidi wake. Mimi kila nikisoma naona shoka hewani, na mgeni aliyesimama juu ya kichwa cha mtu aliye kazini.

Nimepiga hesabu ya saa zenu. Ukimpigia kabla hujaingia kazini, saa 11 alfajiri, huku ni saa 6 mchana: wifi yako ana foleni ya madereva, mwiko mkononi na sufuria ya wali inaungulia. Atakujibu kama alivyojibiwa Rav. Mpigie saa 8 mchana ya kwenu. Huku itakuwa saa 3 usiku, vyombo vimeoshwa, watoto wamelala, na bibi yako naye atakuwa kwenye usingizi wake wa mchana. Asipopokea, usirekodi sauti.